Poti Niliyoifungua Haikuwa Yenyewe

Mwanangu Rukia,

Mama yako ameshasema yote yanayohusu mwili: kula, kulala, maji ya kuchemsha, na lile blanketi analotaka ulibebe hadi Tanga ambako hata shuka ni nzito. Nimewasikia mkibishana chumbani mkicheka, nikasema waache. Sitayarudia ya kwake. Mimi nimekaa sebuleni na kalamu, mtu ambaye kutwa nzima nawachapia watu barua zao za kazi na za mahakamani, na ya kwangu inanishinda kuianza.

Nataka nikuandikie habari za ile kompyuta ya dukani, na torenti, na bibi yako wa Iringa. Unazijua. Lakini unazijua kwa upande wako, kwa simu ukiwa chuoni Dodoma, na kwa yale uliyoyaona mwenyewe baadaye ulipoifungua ile mashine ukanyamaza. Kutoka kwangu hujawahi kuzisikia. Nafasi nimezipata nyingi, na kila nafasi nimeijaza maneno mengine.

Lazima nianze na babu yako, kwa sababu bila yeye utaona mimi ni mtu niliyeshindwa na kompyuta tu. Laiti ingekuwa hivyo.

Babu yako Athumani alikuwa na duka la vitambaa pale Mshindo, Iringa. Baba yake ndiye aliyepanda kutoka Kilwa na mzigo wa biashara, akaoa kwa Wahehe, hakurudi tena pwani. Mimi nikahama nikaja Mbeya, nikafungua duka la kuchapa na kutoa kopi hapa Iyunga, nikamwoa mama yako. Siku babu yako alipozidiwa walinipigia simu asubuhi. Nilikuwa nachapa mitihani ya majaribio ya shule, mwalimu amesimama mbele yangu anaisubiri. Nikasema nimalize hii, halafu nipande basi. Nilipofika Iringa nilikutana na watu njiani wanatoka makaburini, kofia mkononi, vumbi miguuni. Sikuhitaji kuuliza.

Bibi yako alikuwa kwenye mkeka na wanawake wenzake. Nilijiandaa kwa neno lolote. Aliniangalia, akasema, "Umefika, mwanangu. Mpeni chakula, ametoka mbali."

Basi. Mpaka anaondoka duniani hakulitaja tena jambo lile. Nadhani angenigombeza ningepona. Badala yake nilikula ule wali mbele ya watu, na nikawa siwezi tena kukaa ndani ya nyumba ile. Tangu hapo nilikwenda Iringa kama mtu anayepeleka mzigo. Nitapitia Igawa nichukue mchele, nitafika adhuhuri, nitashusha gunia, nitamsalimia, na kabla ya alasiri nipo stendi. "Duka, mama," nilikuwa nasema. Naye husema, "Haya, duka lisilale."

Mama yako aliliona hilo mapema. Unajua jinsi yeye anavyopanda milimani kwa mama yake. Hana habari, hana mgonjwa, hana mzigo, anapanda tu. Siku moja nilimuuliza, "Unakwenda kufanya nini huko?" Akanishangaa. "Kukaa," akasema.

Sasa tuje kwenye kanda.

Shangazi yako Tatu alipopiga simu mwaka ule, bibi yako alikuwa ameshaanza kulala sana. Tatu ndiye aliyebaki naye nyumbani, anafundisha shule asubuhi, anarudi kumwogesha mchana. Akaniambia, "Kaka, mama anaziulizia zile kanda za baba. Anasema anataka kumsikia." Zile kanda za video alipiga baba mdogo, mdogo wake babu yako, miaka ile alipokuwa na kamera yake begani kila sikukuu: Idi, harusi ya Tatu, babu yako akisoma dua barazani, babu yako akibishana na wateja. Zilikuwa kwangu, ndani ya boksi, kwa kuwa mimi ndiye mwenye duka la mashine.

Wewe ulikuwa likizo. Ulitafuta deki ya zamani kwa fundi, ukaisafisha kwa spiriti na pamba, ukazihamisha kanda moja moja kwenye kompyuta. Nilikuwa nakuona umekaa pale nyuma, unaangalia skrini, unatabasamu peke yako, na mimi niko kaunta natoa kopi za vyeti. Hukuniita. Au uliniita nikasema nakuja.

Faili zikawa kubwa mno. Kwenye simu zikakataa kutumwa. Ukaziweka mahali mtandaoni Tatu azipakue, akafika katikati, mtandao ukakatika, ikaanza mwanzo. Akajaribu tena, ikaanza mwanzo. Ndipo ukaja na torenti.

Nakumbuka ulivyonieleza, maana niliyachukua maneno yako yote bila kuelewa hata moja. Ulivuta kiti changu, ukasema, "Baba, hii inakata faili vipande vidogo. Mtandao wa shangazi ukikatika, vipande alivyopata havipotei, kesho anaendelea alipoishia. Na nikiwapa ndugu wa Muscat na wa Dar, nao watachukua hapa hapa."

"Vizuri," nikasema.

"Sasa sikiliza. Nimeiweka iwe huduma. Maana yake inafanya kazi chini chini, nyuma, hata kama hakuna dirisha lolote limefunguliwa. Ukiwasha kompyuta nayo imewaka. Usitafute dirisha lake, halina."

"Sawa."

"Halafu kuna poti. Ni kama mlango wenye namba. Shangazi anatumia intaneti ya simu, kule kwake mtu wa nje hawezi kubisha hodi. Kwa hiyo lazima sisi huku tuwe wazi, yeye ndiye abishe kwetu. Hii huduma inasikiliza kwenye namba hii. Na kwenye ruta nimeiambia, anayekuja na namba hii mlete kwenye kompyuta hii. Namba lazima ifanane pande zote mbili. Ruta ikiwa na namba nyingine, au huduma ikiwa na namba nyingine, shangazi atagonga hadi achoke."

Akaingia mteja wa picha za pasipoti. Nilifurahi alivyoingia. Nikasimama haraka nikashika kamera, wewe ukabaki umenyoosha kidole kwenye ile namba.

Ningekuambia tu, "Mwanangu, sijaelewa, rudia." Hata hilo neno moja. Lakini mimi ndiye mwenye duka. Watu wa Iyunga yote wakikwama na kompyuta huja kwangu. Na wewe juzi tu ulikuwa unalala chini ya kaunta hiyo hiyo umefunikwa kanga ya mama yako. Nilikuwa najivuna juu yako kwa watu, na ukiwa mbele yangu nakuonea haya. Sijui kama kuna jina la ugonjwa huo.

Ulirudi chuoni. Ilikuwa inakwenda, polepole kwa mtandao wa Tatu, lakini inakwenda. Kila jioni alikuwa ananiambia imefika wapi. Faili zote zilikuwa zinajaa kwa pamoja, vipande huku na vipande kule, hivyo hakuna hata moja iliyokuwa tayari kuchezwa. Bibi yako alikuwa anauliza, "Bado?" Tatu anasema, "Inakuja, mama."

Ndipo ikapiga ile radi. Unazijua radi za Mbeya. Ruta ya dukani ikaungua, ikanuka. Fundi akaleta nyingine, akaiwasha, intaneti ikarudi, nikaona mambo yamekwisha. Jioni Tatu akapiga. "Kaka, imesimama. Tangu jana haijasogea."

Ile ruta mpya haikujua habari za poti yetu. Leo ninajua. Ilikuwa haijaambiwa kitu. Siku ile nilichojua ni kwamba kompyuta inawaka na intaneti ipo, kwa hiyo kosa haliko kwangu.

Nikakupigia. Wewe ulielewa kabla sijamaliza kusema. "Ruta mpya, baba? Basi ile namba haimo. Iingize kwenye ruta. Namba ni ile ya huduma, iko kwenye faili lake la mipangilio. Na kama utaigusa huduma yenyewe, isimamishe kwanza, maana ukibadilisha ikiwa inafanya kazi, ikija kuzimwa inaandika namba yake ya zamani juu ya yako."

"Najua, najua."

"Au niruhusu niingie kwa mbali nifanye mwenyewe. Dakika chache tu."

"Hapana. Humu mna karatasi za watu. Nitafanya."

"Haya, baba. Lakini usifungue ile programu yenye dirisha. Ile ni nyingine, ina namba zake."

Hilo la mwisho nadhani sikulisikia hata kidogo. Nilikuwa nimeshaitoa simu sikioni.

Nikafungua ile programu yenye dirisha. Ilikuwepo pale kwenye skrini, alama nzuri, inabonyezeka. Nani angetafuta faili lililojificha wakati dirisha lipo? Nikaingia kwenye mipangilio yake, nikakuta namba ya poti. Nikaichukua nikaiweka kwenye ruta. Nikabonya pale pa kujaribu, na kikatokea kitaa cha kijani: poti iko wazi.

Rukia, siwezi kukueleza furaha niliyokuwa nayo kwa kile kitaa. Nilijipiga kifua pale dukani peke yangu. Nimefungua mlango, bila binti yangu, bila fundi. Na kweli nilikuwa nimefungua mlango. Ila nyuma ya mlango ule hapakuwa na mtu. Programu ya dirisha ilikuwa tupu, haina faili hata moja la babu yako. Faili zote zilikuwa chini kwenye huduma, nayo inasikiliza kwa namba yake ya zamani, na kwa namba ile ruta haimruhusu mtu.

Tatu akapiga. "Bado, kaka."

"Kwangu kijani," nikamwambia. "Tatizo liko kwako."

"Kwangu nimefanya nini? Sijagusa kitu."

"Laptopu yako ya zamani. Au bando limekwisha. Angalia."

Kesho yake tena. Na kesho kutwa. Akabadilisha laini ya simu, akaazima laptopu ya mwalimu mwenzake, akawa anatoka uani na kompyuta mkononi akitafuta mtandao mzuri huku mama ndani anamwita. Mimi nimekaa hapa na kijani changu. Siku moja kidogo nilishtuka, nikakumbuka neno lako la faili, nikalitafuta nikalipata, nikaibadilisha ile namba ifanane na ya dirisha. Sikuisimamisha huduma. Nikaizima kompyuta nikaiwasha, nikaamini nimemaliza. Huduma ilipokuwa inazimika ikaandika namba yake juu ya yangu, kama ulivyoniambia. Sikurudi kuangalia. Mtu aliyejiambia amemaliza harudi kuangalia.

Siku ile ile Tatu alipiga sauti yake imechoka. Akasema, "Kaka, bado haiji. Halafu mama anasema..."

"Zima laptopu uwashe upya," nikamkata. "Mimi huku nimeshabadilisha kila kitu."

Akasema, "Haya," akakata simu.

Wewe ulikuwa unanipigia pia. Ulichoka na poti zangu, ukasema, "Baba, achana nayo. Weka kwenye flashi, mpe konda wa basi la asubuhi, mchana shangazi anaichukua stendi."

"Vitu vya baba yangu nimkabidhi konda?"

"Basi panda wewe."

Ulilisema hivi hivi, bila hasira, kama mtu anayesema funga dirisha mvua inaingia. Panda wewe. Nikakujibu habari za duka, kwamba ni msimu wa maombi ya vyuo, watoto wamejaa hadi nje. Ni kweli walikuwa wamejaa. Ukasema, "Sawa, baba." Sikuwahi kukusikia unasema sawa kwa sauti ile.

Nimeitafakari ile simu zaidi ya jambo jingine lolote katika maisha yangu. Barabara ya Iringa inapita mbele ya duka. Nikikaa kaunta nayaona mabasi. Asubuhi ningepanda, mchana ningekuwa kwa mama yangu, flashi mfukoni. Hakuna ruta, hakuna namba. Lakini ningelazimika kukaa. Ningekaa kwenye kile chumba, pembeni ya kitanda chake, tumsikilize babu yako kwa pamoja, na ikifika mwisho angeniangalia. Nilikuwa radhi kupigana na mashine mwezi mzima kuliko kuangaliwa vile. Nilitaka sauti ya baba ifike Iringa, mimi nibaki Iyunga.

Bibi yako alifariki alfajiri ya siku ya Jumanne. Tatu hakuniambia habari ya faili siku hiyo. Aliniambia tu, "Njoo."

Safari hii nilifika kabla ya maziko. Nilimshusha kaburini kwa mikono yangu, na nitamshukuru Mungu kwa hilo hadi siku yangu. Flashi ilikuwa mfukoni mwa kanzu. Nilikuwa nimeijaza asubuhi ile kabla ya kufunga duka, na kazi yote ilichukua muda wa kunywa kikombe cha chai.

Sasa linakuja lile ambalo kwa ajili yake nimeshika kalamu.

Jioni tumekaa barazani, wanaume wa ukoo, na wewe umefika kutoka Dodoma, umekaa karibu na mlango na wasichana wenzako. Baba mdogo akauliza, "Salum, hivi zile kanda zangu ziliwahi kufika? Marehemu alikuwa anazisubiri sana." Watu wote wakanigeukia. Nami nikasema, "Hazikufika, baba. Rukia alituwekea programu zake za chuo, zikatuangusha."

Nilisema hivyo. Mbele ya ukoo, mbele ya shangazi yako, maiti ya mama yangu haijalala usiku mmoja ardhini. Baba mdogo akatikisa kichwa akasema, "Hawa vijana na mitandao yao." Niliona umeinua uso. Nilingoja useme, na mwanangu, nilikuwa nimejiandaa kukukemea ukisema. Uliinuka ukaingia ndani, tukasikia unaosha vyombo.

Siku ya tatu, baada ya hitima, watu walipopungua, Tatu akasema, "Lete hiyo flashi." Tukakaa sisi wawili chumbani kwa mama, kitanda kimeshatandikwa upya. Tukafungua ya Idi. Nilikuwa najikaza kwa sauti ya baba. Baba mwenyewe anaonekana kwa mbali barazani, midomo inatembea, upepo umemeza maneno yake. Sauti inayosikika vizuri ni ya mtu aliyekuwa karibu na kamera, haonekani, anacheka, anawaamrisha watoto, anamwambia baba mdogo asipige picha sufuria. Ni mama. Kanda nzima ni mama. Mahali fulani anasema, "Salum, msogezee baba yako kiti, jua linampiga." Na mimi ninaonekana pale, kijana, shati jipya, nimesimama mlangoni natazama barabarani. Nasema, "Nakuja." Anapita binamu mmoja anakisogeza.

Tatu akaifunga laptopu taratibu. "Angefurahi kuisikia sauti yake mwenyewe," akasema. Halafu akasema, "Alikuwa anasema, mwambie Salum hata zisipokuja si neno, aje yeye. Nilitaka kukuambia ile siku."

"Siku gani?"

"Ile siku uliyosema nizime niwashe."

Wewe ulipokuja Mbeya likizo iliyofuata, uliifungua kompyuta ya dukani. Nilikuwa kaunta, nimekupa mgongo, lakini palikuwa na kioo cha kabati la picha na nilikuwa nakuona. Ulifungua dirisha, ukaona namba yangu. Ukafungua ruta, ukaiona namba ile ile. Ukaenda kwenye faili la huduma, ukaona ya zamani. Ukakaa. Ulielewa kila kitu nilichofanya, hatua kwa hatua, kama mtu anayefuata nyayo kwenye tope. Mikono yako ikaenda kwenye kibodi, ukairekebisha: ukaisimamisha huduma, ukaipa namba ya ruta, ukaiwasha. Baada ya muda mfupi ndugu wa Muscat wakaanza kuchukua. Nikakuuliza bila kugeuka, "Ilikuwa nini?"

Ukasema, "Kitu kidogo tu, baba."

Kwa nini ulinisitiri? Mimi nilikuvua nguo mbele ya ukoo, wewe ukanifunika hata tukiwa wawili tu. Nilipaswa kugeuka pale pale. Nikasema, "Afadhali," nikaendelea kukata picha za pasipoti.

Haikuwa kitu kidogo, na wala haikuwa programu yako. Ulichoweka kilikuwa sahihi tangu siku ya kwanza, na ulinieleza vizuri kuliko mwalimu yeyote aliyewahi kunifundisha. Nisamehe, Rukia. Nisamehe kwa sababu ni haki yako kuombwa. Kunijibu si lazima.

Sina busara ya kukupa kuhusu kazi. Unakwenda Tanga kusimamia mitandao ya watu, na huko najua watu kama mimi ni wengi, watakuonyesha kijani chao na kukuambia tatizo liko kwako. Wavumilie kama ulivyonivumilia, lakini usiwasitiri sana. Mimi ulinisitiri nikapata usingizi, na ule usingizi haukunifaa. Ungenipigia kelele siku ile dukani labda barua hii ningekuwa nimeshaimaliza zamani kwa mdomo. Silaumu. Nasema tu kwamba baba yako angestahimili.

Na ukiwa hujui kitu, sema hujui mapema, wakati bado ni kitu cha kufundishwa. Ukikawia kinakuwa kitu cha kuficha.

Kuna moja zaidi ambalo hulijui, la leo. Mchana, wewe ukiwa sokoni na mama yako, nilimpigia shangazi yako. Nikamwambia yote: ruta, dirisha, namba mbili, na kwamba niliudanganya ukoo juu yako. Nilisema kwa kirefu, kama ninavyoandika hapa.

"Tatu?"

"Nipo."

"Umesikia?"

"Nilijua, kaka. Si habari za namba, hizo sizijui. Nilijua si Rukia. Wewe ukikosea unaongea sana."

"Na baba mdogo?" akaniuliza. "Yeye mpaka leo akimwona mtoto na kompyuta anamtolea mfano wa Rukia. Huyo utamwambia lini?"

"Nitampigia."

"Usimpigie," akasema. "Mmefanya mambo ya kutosha kwa simu. Njoo uyaseme barazani, pale pale ulipoyasemea. Mimi nitamwita baba mdogo, nitawaita na wengine. Utalala chumba cha mama."

Kwa hiyo kesho alfajiri usishangae nikipanda nawe basini. Mama yako anajua. Amenifungashia shati tu, blanketi kakuachia wewe. Duka nimebandika karatasi. Tutakaa pamoja viti vya kushoto hadi Iringa, na najijua, tutaongea habari za njiani tu, mpunga wa Igawa na ubaridi wa Makambako. Barua hii nitakupa nikishuka.

Isome basi likishaondoka. Mkifika Ilula wauza nyanya watainua ndoo zao dirishani na utatamani kunipigia. Usipige hapo, mwanangu. Saa hizo nitakuwa nimesimama barazani mbele ya watu, nalitaja jina lako.

Baba yako,
Salum